Gurnah darasani: mhakiki aliyemtangulia mwandishi
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Abdulrazak Gurnah akiondoka Unguja, kijana aliyeikimbia misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya 1964. Leo tumfuate darasani. Wengi waliolisikia jina lake Oktoba 2021, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, hawakujua kwamba riziki yake ya miaka mingi ilikuwa ualimu.

Baada ya masomo huko Canterbury, Uingereza, alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1982 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kent. Tasnifu yake ilichunguza vigezo wanavyotumia wahakiki kuzipima hadithi za Afrika Magharibi. Ni swali zito. Riwaya ya Mwafrika ikisifiwa kwa sababu tu "inaonyesha mila", je, imesomwa kama sanaa au kama taarifa ya mpelelezi wa makabila? Na mizani kashika nani?

Kuanzia 1985 hadi alipostaafu 2017 alifundisha Kent, akafikia uprofesa wa Kiingereza na fasihi za baada ya ukoloni. Alihariri juzuu mbili za insha kuhusu uandishi wa Kiafrika, 1993 na 1995, na mwaka 2007 kitabu cha mwongozo kuhusu Salman Rushdie. Aliichambua pia Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o.

Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, miaka mitano baada ya tasnifu. Mhakiki alitangulia, na alama zake zimo katika Paradise ya 1994. Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita Ammi Aziz. Khalil, mwenzake wa dukani, ndiye anayemfumbua macho: Aziz hana undugu naye, baba mtu kamweka rehani kwa deni. Wajerumani wanakuja, lakini wanawakuta watu wa pwani na wa bara wakidaiana, wakiuziana na kudhulumiana tayari. Gurnah haulainishi ukoloni hata kidogo. Anakataa tu kuipamba jana yetu ili ubaya wa mkoloni uonekane, na msimamo huo umewaudhi wasomaji waliozoea hadithi ya pepo iliyovamiwa.

Wiki ijayo tutaifungua Peponi, tafsiri ya Paradise kwa Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis.

Itaendelea.