Samaki Mzima, Viazi na Karanga: Mlo wa Likizo Jinja na Mbale

Mji wa Jinja umejengwa mahali ambapo Mto Nile hutoka katika Ziwa Victoria, kiasi cha kilomita 80 mashariki mwa Kampala, na kwa hiyo familia iliyo likizoni hupata hapo, kwa safari moja, upepo wa ziwa, mchanga wa kuchezea watoto na samaki aliyevuliwa usiku uliotangulia. Inasikitisha kwamba wageni wengi huishia kuagiza kuku na chipsi, yaani chakula kile kile walichokiacha nyumbani, na kukilipia zaidi kwa sababu tu kimepakuliwa mbele ya maji. Familia inayotaka kula vizuri kwa gharama ya kiasi haina budi kuliachia ziwa, soko na msimu kazi ya kupanga mlo, na kutosheka na samaki mmoja, wanga wa aina moja na mchuzi mmoja kwa siku.

Samaki wa kuanzia ni sato, ambaye katika masoko ya Uganda huitwa ngege. Jina hilo awali lilikuwa la samaki wa asili wa ziwa hili, lakini sato anayeuzwa leo kwa wingi ni wa jamii iliyopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, kipindi kile kile ambacho sangara, mla samaki wenzake anayeweza kupita kilo 100, alianza kuingizwa humo. Sangara alichangia pakubwa kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo wa asili, na historia hiyo imechunguzwa kwa karibu mjini Jinja kwenyewe, ambako utafiti wa uvuvi wa Afrika Mashariki uliwekewa makao mwaka 1947 na ambako Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na Kenya, Tanzania na Uganda, lina ofisi zake kuu. Minofu ya sangara husafirishwa hadi Ulaya, na bei yake hata ufukweni hufuata soko hilo la mbali. Ndiyo maana sato mzima humfaa zaidi mzazi mwenye watoto wanne kuliko mnofu mwembamba wa sangara katika sahani ya hoteli.

Samaki mzima ana faida nyingine, kwamba anaweza kukaguliwa. Katika mialo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, kama vile Masese, mnunuzi hutazama macho yaliyotuna yasiyo na ukungu, hufunua mashavu ili aone kama matamvua bado ni mekundu, na hubonyeza ubavu kwa kidole ili ajue kama nyama inarudi mahali pake. Sato akishaparuliwa magamba na kutolewa matumbo, hukatwa mikato mitatu kila upande hadi karibu na mfupa, husuguliwa chumvi na ndimu, kisha huwekwa juu ya makaa yaliyokwisha kufunikwa na jivu jeupe, kwa kuwa moto wenye ndimi huunguza ngozi kabla nyama ya mgongoni haijaiva. Hakuna kiungo kingine kinachohitajika, na wapishi wanaomzamisha samaki wa namna hiyo katika mchuzi wa unga wa viungo vya pakiti humwondolea ladha yake bila sababu.

Siku ambayo fedha zimepungua, dagaa, ambao Waganda na Wasoga huwaita mukene, hutosha kabisa. Samaki hawa wadogo huliwa wazima pamoja na mifupa, na kwa hiyo humpa mtoto madini ya kalisi ambayo ni haba katika mnofu. Ni jambo la kusikitisha kwamba sehemu kubwa yao husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo. Yafaa kununua waliokaushwa juu ya vichanja, si chini mchangani, kwa sababu changarawe haitoki hata dagaa wakioshwa mara tatu. Maji ya kuwaoshea, kama yale ya kuoshea matunda, yawe yamechemshwa, na watoto wasiogeshwe ziwani, kwani vimelea vya kichocho, ugonjwa unaoenezwa kupitia konokono wa maji baridi, hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi.

Kwa upande wa wanga, Busoga, yaani eneo la Jinja, ni nchi ya viazi vitamu, na kiazi kilichochemshwa na maganda yake hubebwa ufukweni bila chombo wala mafuta. Asubuhi, roleksi, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, nyanya na kabichi mbele ya macho ya mteja, huwashibisha watoto hadi mchana.

Barabara ya kutoka Jinja kwenda Mbale hupitia Iganga na Tirinyi, na kadiri msafiri anavyoukaribia Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, ndivyo samaki anavyoipisha karanga. Karanga zilizosagwa ndizo nguzo ya mapishi ya huko, lakini zinahitaji uangalifu, kwa maana zikihifadhiwa katika unyevu huota ukungu unaotengeneza sumukuvu, sumu inayodhuru ini na isiyokwisha kwa kupikwa. Ni salama zaidi kuchagua karanga kavu zisizosinyaa wala kubadilika rangi, kisha kuzisagisha papo hapo sokoni.

Chakula kinachostahili safari hiyo ni malewa, machipukizi ya mianzi inayoota katika miinuko ya mlima. Hukatwa wakati wa mvua na kukaushwa kwa moshi ili yadumu miezi mingi, na ingawa msitu huo umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993, yapo makubaliano yanayowaruhusu wakazi wa baadhi ya vijiji vya pembeni kuyachuma. Mpishi huyaosha masizi, huyaloweka, huyachemsha kwa maji yaliyochujwa katika majivu hadi yalainike, huyakatakata, kisha humimina karanga zilizosagwa na kukorogwa kwa maji ya uvuguvugu, akiendelea kukoroga juu ya moto mdogo mpaka mafuta yaonekane juu. Huliwa kwa matoke, yaani ndizi mbichi zilizopikwa na kupondwa. Watoto wasiozoea ladha ya moshi wapakuliwe kwanza matoke na mchuzi wenye vipande vichache, kwa maana mchuzi wenyewe una utamu wa karanga wanaoujua, na aghalabu vipande hivyo huliwa pamoja nao bila ubishi.