Moyo wa Ukoo: Yale Mazoezi Yanayoweza na Yasiyoweza Kufanya

Katika familia nyingi, kila unapotokea msiba wa ghafla, husikika kauli moja: moyo ni ugonjwa wa ukoo wetu. Kauli hiyo ina ukweli, lakini huwapeleka watu njia mbili zinazopingana. Mmoja huacha mazoezi kwa kuamini kwamba lililorithiwa halizuiliki. Mwingine hukimbia kila alfajiri na kudhani kuwa hahitaji tena kupimwa. Siku hizi yupo na muuzaji wa kipimo cha vinasaba, ambaye akishatumiwa mate ndani ya kichupa huahidi kumweleza mteja hali ya moyo wake ya baadaye. Tunaeleza hapa kinachojulikana, ili msomaji aamue kabla ya kutoa fedha zake.

Urithi wa ugonjwa wa moyo ni wa aina mbili zisizofanana. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya watu wengi, ni mkusanyiko wa tofauti ndogondogo za vinasaba, kila moja ikiongeza hatari kidogo sana. Wataalamu huzijumlisha na kupata alama moja. Ya pili ni hitilafu katika kinasaba kimoja, yenye nguvu ya kuleta ugonjwa peke yake.

Kwa aina ya kwanza, habari ni njema. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi wa zaidi ya watu 55,000. Katika kundi mojawapo la Marekani, miongoni mwa wenye alama ya juu ya urithi na mtindo mbaya wa maisha, takriban watu 11 kati ya 100 walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo ndani ya miaka 10. Wenye alama ya juu vilevile, lakini mtindo mzuri wa maisha, walikuwa takriban 5. Mtindo mzuri ulimaanisha kutimiza angalau mambo matatu kati ya manne: kutovuta sigara, kutokuwa na unene uliokithiri, kula vyakula vinavyofaa, na kufanya mazoezi walau mara moja kwa wiki.

Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2018, ulitumia taarifa za UK Biobank, hazina ya takwimu za afya za watu wapatao 500,000 wa Uingereza. Miongoni mwa wenye urithi wa hatari kubwa, wale ambao moyo na mapafu yao yalistahimili kazi vizuri zaidi walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 49 kuliko wenye ustahimilivu mdogo. Tunaomba takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu. Watu hao hawakupangiwa mazoezi; walipimwa walivyo, kisha wakafuatiliwa. Huenda mtu ambaye moyo wake umekwisha kuanza kudhoofika kimyakimya ndiye aliyeshindwa kuendesha baiskeli ya kipimo. Hata hivyo, kazi ya mazoezi mwilini inafahamika: hushusha shinikizo la damu, huusaidia mwili kutumia sukari, na huziwezesha kuta za mishipa kutanuka ipasavyo. Aliyeanza na hatari kubwa ndiye hupunguziwa mengi. Ukigawa kwa nusu hatari ya watu 10 kati ya 100, umewaokoa 5. Ukigawa ya watu 4, umewaokoa 2.

Aina ya pili inataka tahadhari zaidi. Takriban mtu 1 kati ya 250 huzaliwa na hitilafu inayolizuia ini kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Kwake mazoezi yana faida, lakini hayatoshi, kwa kuwa hupunguza lehemu hiyo kwa kiasi kidogo tu. Anaweza kuwa mwembamba na mkimbiaji hodari, na bado mishipa yake ikaziba mapema. Anahitaji dawa, aghalabu za kundi la statini, na kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kurithi hitilafu hiyo. Kinachoifichua kwanza ni kipimo cha kawaida cha lehemu kwenye damu.

Ipo pia hali ya kurithi ambapo misuli ya moyo hunenepa kupita kiasi, inayokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500. Kwa baadhi yao mazoezi makali huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta kifo cha ghafla. Aliyewahi kuzimia au kuumwa kifua akiwa mazoezini, au aliyefiwa ghafla na ndugu kijana, asiongeze mazoezi kabla daktari hajamchunguza moyo. Jibu si lazima liwe katazo. Wengi huruhusiwa mazoezi ya wastani.

Turudi kwa muuzaji wa kipimo. Alama za urithi zimetengenezwa kwa sehemu kubwa kutokana na vinasaba vya watu wenye asili ya Ulaya, na kwa mwenye asili ya Afrika usahihi wake ni mdogo zaidi. Muulize alama yake ilijaribiwa kwa watu gani, nani atakufafanulia majibu, na taarifa zako zitakuwa mikononi mwa nani kampuni ikifungwa. Swali hili la mwisho si la kubuni: kampuni ya 23andMe ya Marekani, yenye vinasaba vya mamilioni ya wateja, iliomba ulinzi wa kisheria wa mufilisi mwezi Machi 2025.

Kwa maoni yetu, ni bora kuanza na yasiyo na gharama kubwa. Waulize wazee ni nani katika ukoo aliyepatwa na mshtuko wa moyo, na akiwa na umri gani. Baba au kaka aliyeugua kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya miaka 65, ni taarifa ya kumpelekea daktari. Pima shinikizo la damu, sukari na lehemu. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mfano kutembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Na ikiwa tayari umeandikiwa dawa za lehemu au za shinikizo la damu, usiziache kwa sababu umeanza mazoezi. Mwache daktari aliyeziandika ndiye azipunguze.