Kuhitimu na Hitima: Wahitimu Mashuhuri kutoka Frere Town hadi Garissa

Kila chuo kikuu hupenda kutangaza majina ya wahitimu wake mashuhuri. Makala haya yanalenga kufafanua jinsi orodha za namna hiyo zinavyoundwa, kwa kutumia mfano wa chuo kikuu kimoja cha Kikristo nchini Kenya, na kisha kuuliza orodha hizo zinasema nini tunapozipeleka Garissa. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni wanafunzi na walimu wa Kiswahili, yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe.

Kitenzi kuhitimu kina asili ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kukamilisha na kutia muhuri. Katika pwani yetu aliyehitimu alikuwa mtoto aliyeimaliza Kurani mbele ya mwalimu wake chuoni. Chuo nacho, kabla ya kuvikwa kivumishi kikuu, kilikuwa mahali pa kufundishia Kurani, na vilevile kilikuwa na maana ya kitabu. Ndipo tukapata mwanachuoni. Kwa mzizi huohuo tuna hitima, yaani kisomo cha kumrehemu marehemu. Kwa hiyo mchungaji anayevishwa joho katika chuo kikuu cha Kikristo anaitwa kwa jina lililolelewa madrasani. Wapo wanaopendekeza tuseme kufuzu badala yake, wakisahau kwamba nalo limetoka Uarabuni.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo, kilichoko Limuru, kilianza mwaka wa 1903 huko Frere Town, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele ya makazi hayo ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Mwaka wa 1930 chuo kilihamia Limuru. Mwaka wa 1955 kikawa cha pamoja baina ya Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Na mwaka wa 2007 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Waliopitia hapo si haba. Festo Olang' alikuwa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Kianglikana la Kenya, kuanzia 1970, naye Manasses Kuria akamrithi mwaka wa 1980. Samuel Kobia aliliongoza Baraza la Makanisa Ulimwenguni kati ya 2004 na 2009, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Katibu Mkuu. Timothy Njoya ndiye aliyehubiri siku ya mwaka mpya wa 1990 akihoji mfumo wa chama kimoja wakati ambapo Ulaya Mashariki ilikuwa ikiuacha. Kwa maoni yangu, Njoya anastahili sifa kuliko wengine wote, maana yeye hakukumbukwa kwa sababu ya cheo. Alikumbukwa kwa neno alilolitamka na kipigo alichokipata baadaye. Itambulike pia kwamba wote niliowataja ni wanaume na ni viongozi wa dini. Hivyo ndivyo orodha hizi zilivyo: huhesabu vyeo.

Sasa tuelekee Garissa. Eneo la Kaskazini Mashariki lilitawaliwa kama wilaya iliyofungwa wakati wa ukoloni, likapitia vita vya Shifta kati ya 1963 na 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa huko hadi 1991. Elimu ya juu ilichelewa mno. Ni mwaka wa 2011 tu ambapo chuo cha walimu cha Garissa kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Vijana wakaja kutoka pande zote za nchi, Wakristo kwa Waislamu, wengi wao wakisomea ualimu.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, wapiganaji wa Al-Shabaab walikivamia chuo hicho. Baadhi ya wanafunzi Wakristo walikuwa katika maombi ya asubuhi. Wauaji waliwatenga watu kwa misingi ya dini, na waliouawa walikuwa 148, wengi mno wakiwa wanafunzi. Askofu Mkuu wa Kianglikana wakati huo alikuwa Eliud Wabukala, naye ni mhitimu wa Limuru. Pasaka ya mwaka ule ilimkuta akiongoza kanisa lililokuwa likiomboleza watu ambao hawakuwahi kuhitimu. Hapa ndipo maneno yetu mawili, kuhitimu na hitima, yanapokutana kwa namna ambayo kamusi haiwezi kuieleza.

Wanafunzi walionusurika walihamishiwa Eldoret kuendelea na masomo. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka wa 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kwa hiyo kina wahitimu wake leo.

Lakini kuna kundi jingine ambalo halimo katika orodha yoyote, nalo ni walimu. Desemba 2015 basi lilishambuliwa katika Kaunti ya Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Miongoni mwao alikuwa mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi na kufariki Januari 2016. Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka wa 2018. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na baadaye walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa katika eneo hilo. Waliokuwa wamekwenda kufundisha huko walitoka katika vyuo mbalimbali, vya umma na vya makanisa. Madarasa waliyoyaacha yalibaki na watoto na ubao, pasipo mtu wa kuwafikisha mwisho wa silabasi.