Majumba ya Michezo Yalipofungwa

Tarehe 30 Agosti 2020, katika mtaa wa Akihabara mjini Tokyo, nchi ya Japani, watu wengi walikusanyika mbele ya jumba moja la ghorofa. Hapakuwa na maziko wala arusi. Lililokuwa likifungwa ni jumba la mashine za michezo la kampuni ya Sega, lililofunguliwa mwaka 2003, na waliosimama njiani ni watu wazima kwa vijana waliokwenda kuliaga. Wafanyakazi wakawashukuru wateja wao, kisha mlango ukateremshwa.

Msomaji aweza kucheka akasema, Je, mtu mwenye mke na watoto huhuzunikia nyumba ya mchezo? Miaka ishirini nyuma nami ningalicheka. Leo sicheki, na sababu yake nitaieleza mbele, baada ya kutazama majumba haya yalikuwa nini, yaliondokaje, na kitu gani khasa kiliondoka pamoja nayo.

Kwa faida ya vijana ambao hawakuyadiriki, mashine yenyewe ilikuwa kama kabati lenye kimo cha mtu. Kifuani mwake pana kioo kama cha televisheni, chini ya kioo pana kijiti cha kuongozea na vifungo vya kubonyeza, na chini zaidi tundu la kutilia sarafu. Mchezaji hutia sarafu yake na mchezo huanza. Akishindwa, mchezo humalizika, na akitaka tena hana budi kutia sarafu nyingine. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani iliweka mashine yake ya kwanza ya mchezo uitwao Pong katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California. Haukupita muda mrefu, ikaja khabari kuwa mashine imeharibika. Fundi aliyeiunda, Allan Alcorn, alipoifungua hakuona ubovu: chombo cha sarafu kilikuwa kimejaa pomoni, kikawa hakiwezi kupokea zaidi. Tangu hapo wafanyabiashara wakatambua kuwa ndani ya kabati lile mna mali.

Lakini mchezo ulioyajaza majumba ni ule uliotoka Japani mwaka 1978, jina lake Space Invaders. Aliyeutunga ni Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito. Safu tano za maadui kutoka angani, kila safu maadui kumi na mmoja, hushuka kidogo kidogo kumwelekea mchezaji, naye huwapiga kwa mzinga wake ulio chini. Kadiri anavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyokwenda mbio, mpaka yule wa mwisho huwa ni shida kumlenga. Jambo hili lilikuwa na asili ya ajabu: akili ya mashine ilikuwa dhaifu, ikilemewa na kazi ya kuwachora maadui wote, na walipopungua mzigo ukawa mwepesi. Nishikado akaona kuwa upungufu ule unauzidishia mchezo utamu, akauacha ulivyo. Mchezo ukaenea hata katika nyumba za kahawa, ambako meza zenyewe zilitiwa vioo, na pakafunguliwa majumba yasiyokuwa na mchezo mwingine ila huo. Mpaka leo huvuma khabari kwamba sarafu za yen 100 ziliadimika nchini kwa sababu yake, lakini waliochunguza hawakuona kuwa ni kweli.

Mwaka 1980 ikaja Pac-Man ya kampuni ya Namco. Mtungaji wake, Toru Iwatani, alisema kuwa majumba yalikuwa yamejaa wanaume na michezo ya vita, naye akataka mchezo utakaowavuta na wanawake. Kwa hivyo alitunga mchezo wa kula badala ya mchezo wa kuua.

Sasa natufike kwenye jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Mwaka 1984 Namco ilitoa mchezo uitwao The Tower of Druaga, wa mnara wenye ghorofa sitini. Karibu kila ghorofa ilifichwa hazina yake, na njia ya kuipata haikuandikwa popote. Pengine ni kuwaua maadui kwa mpango fulani, pengine ni kusimama mahali fulani. Na aliyeikosa hazina moja ya lazima hakuweza kufika juu. Mtu peke yake angemaliza mshahara wake asimalize mnara. Basi wachezaji wa Japani walifanyaje? Katika majumba mengi palikuwa na daftari mezani, na kila aliyevumbua siri aliiandika humo kwa ajili ya mwenziwe atakayekuja kesho, ambaye huenda hajapata kumwona uso wake. Mwanafunzi akamwandikia karani, karani akamwandikia mwanafunzi, na mnara ukapandwa kwa mikono ya wengi.

Kadhalika mwaka 1991 ulipotoka mchezo wa Street Fighter II wa kampuni ya Capcom, watu wawili wakawa wanapambana katika mashine moja. Aliyeshinda hubaki, aliyeshindwa huondoka, na mwingine huingia kwa sarafu yake. Huko Marekani anayetaka zamu huiweka sarafu yake ukingoni mwa kioo, na sarafu zile zikapangwa safu, kila mtu akaijua yake, wala hapakuwa na askari wa kuzilinda. Mtoto maskini aliyekuwa hodari aliweza kukaa saa nzima kwa sarafu moja, na mwana wa tajiri akishindwa akenda nyuma ya safu kama wenzake. Aliyeshindwa alishindwa mbele ya watu, akajifunza kuondoka bila ya matusi. Na asiyejifunza, watu walimjua.

Si haki kuyasifu majumba haya kana kwamba hayakuwa na aibu. Wazazi walikuwa na sababu ya kuyaogopa. Vijana walitoroka shule, na wengine waliingia mkononi mwa wahuni. Ndiyo maana mwaka 1981 Rais Marcos aliipiga marufuku michezo hiyo Ufilipino. Mji wa Mesquite, Texas, uliwakataza walio chini ya miaka 17 kuicheza bila ya mzazi au mlezi, na kesi yake ikafika hata Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982. Mwaka huo huo mji wa Marshfield, Massachusetts, uliikataza mashine hizo kabisa, na katazo lile halikuondolewa mpaka mwaka 2014. Japani nayo ilibadili sheria, na tangu mwaka 1985 majumba yakatakiwa kufungwa usiku wa manane. Lakini angalia, ewe msomaji: watawala waliweza kuyakataza na kuyawekea saa kwa sababu yalikuwa na mlango. Mzazi aliyemkosa mwanawe alijua pa kumtafuta.

Majumba hayakuuawa na makatazo, bali sababu nyingine tatu ziliyala polepole. Ya kwanza ni mashine za nyumbani. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza Japani mashine yake ya Famicom kwa yen 14,800. Kwa miaka kadhaa jumba lilibaki mbele, kwani mashine zake zilikuwa na nguvu kuliko za nyumbani. Lakini mwaka 1994 ikatoka PlayStation, na mchezo wa Tekken uliotoka mwaka huo katika majumba ulitumia mtambo wa asili ile ile. Mtu akajiuliza, Kwa nini nipande gari la moshi kukifuata kitu ambacho jamaa yake yumo chumbani mwangu?

Sababu ya pili ni ile sarafu yenyewe. Mchezo mmoja uliuzwa kwa yen 100, na tundu halijui kupokea yen 103. Serikali ya Japani ilianza kutoza kodi ya mauzo ya asilimia 3 mwaka 1989, ikaipandisha kuwa 5 mwaka 1997, 8 mwaka 2014, na 10 mwaka 2019. Mwenye duka hupandisha bei ya mchele, lakini mwenye mashine alikatwa kodi ndani ya sarafu ile ile, hata ikawa katika kila yen 100 kiasi cha yen 9 ni kodi, ilhali umeme na pango havikungoja. Wengi wakaiondoa michezo ya kupambana wakaweka mashine za winchi ndogo ya kunasia wanasesere, ambazo mapato yake ni bora.

Sababu ya tatu ilikuwa maradhi ya Korona, yaliyofunga milango mwaka 2020 kwa waliokuwa tayari wamedhoofika. Mwaka 1986 Japani ilikuwa na majumba ya michezo zaidi ya 26,000. Mwaka 2019, kabla ya maradhi, yalibaki kama 4,000. Mwisho wa mwaka 2020 Sega iliuza sehemu kubwa ya biashara hiyo, na mwaka 2022 ikauza iliyobaki. Wako waliokataa kukata tamaa: jumba la Mikado la Takadanobaba, Tokyo, lilichangiwa fedha na wateja wake mwaka 2020 ili lisifungwe.

Sasa niitimize ahadi yangu. Sisi huku pwani ya Afrika ya Mashariki hatukuwa na majumba ya ghorofa, lakini tulikuwa na vibanda vya gemu. Televisheni moja au mbili, PlayStation iliyochakaa, benchi la mbao, na mwenye kibanda anayepokea malipo kwa kila mechi. Hapo walikwenda watoto ambao kwao hapakuwa na mashine. Mtaani petu kilikuwapo kimoja, nami nilikuwa adui yake mkubwa. Kila nilipowakosa wanafunzi chuoni baada ya Alasiri nilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Nikiingia, husimama wote, “Shikamoo mwalimu,” na wawili watatu hunifuata wameinamisha vichwa. Kilipofungwa nilifurahi, nikasema mtaa umesafika.

Kisha siku moja alinijia mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu mtulivu kuliko wote, asiyetoroka wala kugombana. Mama alikuwa akilia. Fedha alizoziweka katika simu yake kwa ajili ya karo ya shule zilikuwa zimekwisha, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi mitatu. Kijana alizitumia katika mchezo wa simu, akinunua masanduku ambayo mnunuzi hajui kilichomo mpaka alifungue. Akipata kitu duni, hununua jingine. Nilipomwuliza nani mwenzake katika mchezo ule, alisema, “Simjui mtu, mwalimu. Nacheza peke yangu, usiku.”

Masanduku ya namna hii yamewashughulisha na wasiokuwa Waislamu. Mwaka 2012 idara ya serikali ya Japani inayowalinda wanunuzi ilitamka kuwa aina yake moja, iliyomtaka mchezaji akusanye vitu vyote vya fungu ndipo apate zawadi kubwa, ni kinyume cha sheria. Na mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilihukumu kuwa masanduku ya kubahatisha yanayonunuliwa kwa fedha ni kamari. Sisi hukumu ya kamari twaijua, wala haina haja ya kurudiwa hapa. Lakini nilijiuliza, Katika kibanda kile, je, jambo hili lingepita miezi mitatu lisijulikane? Mwenye kibanda angeuliza fedha zatoka wapi. Wenzake wangemsema. Mimi mwenyewe ningemkuta mlangoni. Mtoto niliyemfukuza kibandani nilimjua. Huyu aliyekaa mbele yangu kila siku sikumjua.

Basi nadhani nimefahamu wale wa Akihabara walihuzunika kwa nini. Mashine zaweza kununuliwa, na michezo ile ya zamani yapatikana leo hata ndani ya simu. Kisichopatikana ni mlango wa kufungwa, saa ya kurudi nyumbani, sarafu inayokwisha mfukoni na mtu akaiona imekwisha, na wenziwe wanaomtazama. Mchezo umeingia mfukoni mwa mtoto, na vitu hivi vinne vimebaki nje.

Wazazi wenzangu, kuivunja simu si dawa, kwani ya jirani ipo. Tuvirudishe vitu vinne hivyo majumbani mwetu. Simu ichezewe sebuleni, si kitandani. Iwe na saa yake ya kuwekwa kabatini, na baba naye aiweke yake. Njia ya fedha ifungwe kwa nambari ya siri asiyoijua mtoto. Na michezo ya watu wawili itangulie ile ya mtu mmoja, ili kuwe na zamu, na kushindwa, na kumpa mwenzio nafasi. Nanyi vijana, anayewauliza mnacheza nini msimdhanie kuwa ni mpelelezi, mfundisheni.

Yule mama amefanya hivyo, na karo ameilipa kwa mkopo ambao kijana anamsaidia kuulipa kwa kuuza maandazi asubuhi. Nami siku za Alhamisi, darasa likisha, hukaa naye barazani anifundishe mchezo wa mpira ulio katika simu yangu. Mpaka sasa sijamfunga hata bao moja, na wenzake husimama nyuma yetu wakinicheka, kila mmoja akingoja zamu yake.