Kinachofunguka Ndani ya Sufu Inapovutwa

Msomaji mmoja wa Njombe anauliza: alifua sweta lake la sufu, akalitundika kwenye kamba, na lilipokauka lilikuwa limerefuka mpaka karibu na magoti. Mbona shati la pamba halimfanyii hivyo?

Habari za kondoo na kunyoa manyoya tuziache. Jibu limo ndani ya unyoya mmoja, tena kwa kina ambacho hadubini ya shuleni haikifikii.

Sufu ni protini iitwayo keratini, yaani minyororo mirefu ya asidi amino. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 William Astbury, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Leeds, kwenye eneo la viwanda vya sufu Uingereza, aliimulika sufu kwa eksirei. Sufu iliyotulia ilimwonyesha mpangilio unaojirudia kila nanometa 0.51. Alipoilowesha na kuivuta, alama zile zilififia, zikatokea nyingine za kama nanometa 0.34. Alipoiachia, za kwanza zikarudi! Kila nikisoma habari hii husimama hapo. Molekuli ilikuwa imefunguliwa kwa kuvutwa, kisha ikajikunja tena yenyewe.

Ilikuwa imejikunjaje? Astbury alikisia umbo lisilo sahihi. Mwaka 1951 Linus Pauling, Robert Corey na Herman Branson wakalipata: mnyororo umejizungusha kwa umbo ninaloliita hesi, kama mafundi wanavyoita mizunguko ya parafujo. Kila mzunguko una asidi amino 3.6 na kimo cha nanometa 0.54. Mwaka uliofuata Francis Crick alieleza kwa nini Astbury alipata 0.51: hesi za sufu zimesokotana, hivyo zimelala mshazari kidogo. Kila asidi amino imeshikwa na ile ya nne mbele yake kwa kifungo cha hidrojeni, ambacho kikiwa peke yake ni dhaifu sana.

Sasa chukua springi laini, ufunge kila mzunguko na jirani yake kwa vipande vya uzi mwembamba. Ivute polepole. Mwanzoni inagoma, nyuzi zimekaza na springi imerefuka kidogo tu. Mara, pale palipo dhaifu, nyuzi mbili tatu zinakatika na mzunguko ule unafunguka wote, ilhali mingine bado imefungwa kama ilivyokuwa. Endelea: unafunguka wa pili, kisha wa tatu. Huhitaji kuongeza nguvu, maana kila hatua unakata nyuzi chache tu. Sufu iliyolowa hufanya vivyo hivyo. Inagoma mpaka irefuke kama asilimia 2. Kutoka hapo hadi asilimia 30 hivi inarefuka kwa nguvu inayoongezeka kidogo mno, hesi zikifunguka moja baada ya nyingine. Asidi amino iliyochukua urefu wa nanometa 0.15 sasa inachukua zaidi ya mara mbili ya hapo. Na minyororo ikishanyooka hulala ubavu kwa ubavu, ikashikana upya kwa hidrojeni, safari hii kila mmoja na jirani yake.

Maji hurahisisha yote haya, kwa kuwa molekuli zake hujipenyeza na kushika nafasi za vifungo vile. Sweta lililolowa linaponing'inia, uzito wa maji unalivuta wakati ambapo limelegea kuliko wakati wowote, navyo vitanzi vya ufumaji vinateleza. Likikauka hivyo, vifungo vinajifunga upya katika urefu mpya. Pamba ni selulosi, minyororo iliyonyooka tangu mwanzo. Haina hesi ya kufungua.

Kinachoirudisha sufu ni madaraja ya salfa yanayounganisha mnyororo na mnyororo. Haya hayavunjwi na maji baridi, kwa hiyo yanakumbuka umbo la zamani. Liloweshe sweta tena, lisukume kwa mikono lirudi kwenye kipimo chake, ulilaze juu ya taulo mpaka likauke. Usilikamue kwa kulisokota.

Nywele zetu nazo ni keratini. Zikinyooshwa kwa draya, vifungo vya hidrojeni ndivyo vilivyohamishwa, na unyevu wa Tanga au Mombasa unatosha kuvirudisha. Dawa ya kulainisha hugusa madaraja yenyewe ya salfa, ndiyo maana nywele zilizopakwa hubaki zimenyooka mpaka zikatwe.