Kikombe cha Kurunzi

Kijana huunganisha betri, waya na globu, akapata kurunzi ya kazi ya mikono yake. Lakini usiku njiani hamwoni nyoka aliye hatua tano mbele. Betri si mbovu. Nuru hutawanyika ovyo, maana hakuna kikombe cha kuikusanya.

Kwanza ni umbo. Kandamiza ncha nyembamba ya yai katika udongo wa mfinyanzi ulio laini, toboa tundu la globu chini, kisha uache ukauke. Sogeza globu polepole mbele ya ukuta mpaka doa la mwanga liwe dogo na kali.

Pili ni mng'ao. Katika sehemu 100 za nuru, fedha hurudisha 95 hivi, alumini 90 hivi, kromu 65 hivi. Mjerumani Liebig aligundua mwaka 1835 jinsi ya kupaka kioo fedha kwa dawa. Usijaribu nyumbani: dawa hiyo ikilazwa yaweza kulipuka. Tena fedha huwa nyeusi upesi. Kwa hiyo viwanda vingi hutumia alumini, wakiigeuza mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa.

Wewe tumia karatasi ya alumini. Ikate vipande vyembamba kama vya chungwa, uvibandike kwa uji wa muhogo, upande ung'aao juu, bila makunyanzi. Usiviguse kwa vidole, wala usivisugue kwa majivu: mikwaruzo huiba nuru, nawe utanunua betri bure.