Jinsi sumaku inavyopandisha maji ya Ruvu hadi Kisarawe

MAJI ya bomba mjini Kisarawe hayafiki huko kwa mteremko. Huchotwa Mto Ruvu, husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi, wilayani Kibaha, husukumwa hadi Kibamba na kutoka hapo hupandishwa mlimani.

Mradi wa Kibamba-Kisarawe ulizinduliwa Juni 2020 na Rais wa wakati huo, John Magufuli.

Kazi ya kuyasukuma maji hayo hufanywa na mota za umeme, ambazo msingi wake ni mmoja: waya unaopitisha umeme ukiwekwa kati ya ncha za sumaku, husukumwa.

Waya ukikunjwa kuwa mstatili, umeme huenda upande mmoja na kurudi kwa upande wa pili. Hivyo upande mmoja husukumwa juu na mwingine chini, na mstatili wote huzunguka, mithili ya usukani unaozungushwa kwa mikono miwili.

Kwa mfano, waya wa sentimita 20 wenye umeme wa ampea 10, ukikingama katika sumaku ya tesla 0.5, husukumwa kwa nguvu ya nyutoni 1 tu. Ukisukwa mizunguko 100, nguvu hufikia nyutoni 100 kila upande.

Hata hivyo, mota nyingi za pampu hazina sumaku ya kudumu. Umeme wenyewe huzalisha sumaku katika waya zilizosukwa, na sumaku hiyo huamsha umeme mwingine katika sehemu inayozunguka.

Kwa kuwa vyote viwili hutegemea volti, umeme ukipungua, nguvu ya kuzungusha hupungua maradufu. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 184, yaani asilimia 80, nguvu hiyo hubaki takriban asilimia 64.

Hapo ndipo hasara huanzia. Mota iliyolemewa hupunguza mwendo, huvuta umeme mwingi zaidi na kupata joto, hadi vanishi inayokinga waya huungua.

Kwa sababu hiyo, mwenye pampu ya kisima, awe Kibaha au Kisarawe, anapaswa kuizima mara moja inaponguruma bila kuzunguka. Kusubiri umeme urejee katika hali yake ni nafuu kuliko kusuka mota upya.